Mlima, Maji na Sitara: Nyumba Niliyotaka Kuijenga Meru



Leo sina mapishi wala mshono wa kukuonesheni. Nina kisa changu mwenyewe, cha Arusha. Nimekaa nacho muda mrefu kwa sababu ndani yake mna jambo linaloniuma na jengine linalonitia haya. Lakini kila nikikaa kwenye harusi hakosi bi harusi wa kuniuliza, "Da, fungate twende wapi pa utulivu, penye sitara?" Nikaona bora niseme yote.

Miaka minne nyuma nilipoteza mtoto. Mimba ilikuwa ya kwanza, ya miezi mitano. Tulimzika Unguja, nikabaki kwa mama nikihudumiwa kama mzazi yeyote: nikakandwa kwa maji ya moto, nikafungwa tumbo kwa kanga, nikanyweshwa uji wa pilipili manga. Arubaini ilipokwisha mwili ulikuwa umepona. Kila aliyeniona alisema mashaallah, umerudi. Mimi nilijua sijarudi. Usiku silali, na nikisikia mtoto wa jirani analia nafunga dirisha, na joto lote lile la Februari.

Mavyaa wangu anakaa Arusha, kwenye mteremko wa Mlima Meru, juu ya Tengeru. Alinipigia simu mwenyewe. "Mwanangu, njoo huku kwenye baridi upumue. Hutafanya kazi wala hutaulizwa kitu." Nikaenda.

Tengeru iko kilomita kama 13 kutoka mjini Arusha, kwenye barabara ya kwenda Moshi. Watu wanaijua kwa soko lake la Jumatano na Jumamosi. Karibu yake kuna Ziwa Duluti, ziwa dogo lililokaa ndani ya shimo la volkano ya kale, na msitu wa hifadhi umelizunguka. Kila asubuhi wifi yangu alinichukua tukatembea huko polepole, kila mtu na mawazo yake. Hapakuwa na wa kunambia nisubiri, wala wa kunambia nitapata mwengine. Palikuwa na miti mikubwa, unyevu, ndege, na harufu ya udongo. Siku ya nne nilikaa kwenye mzizi wa mti nikalia mpaka nikachoka. Wifi alikaa pembeni akachuma majani, hakunambia nyamaza. Usiku ule nililala mpaka alfajiri.

Nisieleweke vibaya. Anayeponya ni Mwenyezi Mungu. Lakini Yeye ameweka sababu, na hii ya miti imeangaliwa hata na wataalamu. Mwaka 1984 Mmarekani Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Wale ambao dirisha lao lilitazama miti walitoka hospitali mapema kidogo, na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko wale waliotazama ukuta wa matofali. Wajapani nao, mwaka 1982, idara yao ya misitu iliipa jina tabia ya kwenda kukaa msituni kwa ajili ya afya: shinrin-yoku, yaani kuoga msitu. Na sisi wenyewe, asumini, mrehani na mkilua havikosekani kwa bi harusi. Bibi zetu hawakungoja utafiti.

Wazo na mahari yangu

Mavyaa ana ekari moja na nusu ya migomba na mibuni ya zamani, imepakana na kijito. Siku moja tunamenya ndizi akasema, "Wewe si umesomea kuchora majumba? Kwa nini usiwachoree wanawake wenzio pa kupumzika?"

Ni kweli nilisomea usanifu majengo, Dar es Salaam. Na ni kweli sisi wanawake wa Kiislamu tunapata tabu. Ukienda hoteli, bwawa liko katikati na wanaume wamekaa kulizunguka. Ukienda kukandwa, unaambiwa mkandaji wa leo ni mwanamme. Bi harusi anayetaka kupigwa singo kwa utulivu, mama aliyetoka kujifungua, mwanamke aliyemaliza eda na nyumba inamwelemea, wote hawa wanataka mahali pa kuvua mtandio na kupumua.

Mahari yangu niliitunza tangu nilipoolewa, fedha na dhahabu. Ni haki yangu, hata mume wangu hakuwahi kuiulizia. Nikasema hii ndiyo kazi yake. Akapatikana na mshirika wa Dar, atie robo tatu ya gharama, mimi nitie robo. Nikakaa nikachora.

Mchoro ule wa kwanza ninao mpaka leo. Vyumba kumi. Majani mazuri yaliyokatwa kama zulia. Mstari wa mikaratusi mpakani ili ikue haraka itupe pazia. Na katikati, ndani ya ukuta mrefu, bwawa la wanawake watupu, mita 12 kwa 6, kina mita moja na nusu. Maji yatatoka kwenye mfereji unaopita juu ya shamba. Nililipenda bwawa lile. Nilijiona nimeelea ndani yake, hapana jicho la mtu, na mlima unanitazama.

Zamu ya Jumanne

Tukaenda kupima kwa kamba na vigingi. Bibi mmoja Mmeru, jirani wa mavyaa, akaja na jembe lake begani akasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mnajenga nini?"

"Nyumba ya wanawake kupumzika, bibi."

"Vizuri. Na hapa katikati?"

"Bwawa la kuogelea."

"Maji?"

Nikamwonesha mfereji.

Akautazama, akanitazama mimi. "Mjukuu wangu, zamu yangu ya maji ni Jumanne usiku. Zamu ya bwawa lenu ni siku gani?"

Sikuwa na jibu. Sikujua hata kama mfereji una zamu. Mavyaa alikuwa anajua, lakini alidhani mimi msomi nimeshalifikiria. Jioni akanieleza. Mifereji ile ilichimbwa na wazee kwa mikono, kuyateremsha maji ya mlima mpaka mashambani. Kila mfereji una kamati yake, kila kaya ina siku na saa yake, na msimu wa kiangazi watu hukesha na taa wakilinda zamu zao. Anayefungua maji ya mwenzake hutozwa faini.

Usiku ule nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga mwanzo. Bwawa langu lilikuwa lita 108,000, na hilo ni la kujaza mara moja tu. Kuna yanayokauka kwa jua na yanayomwagwa kila likisafishwa. Nikakumbuka darasa la chuoni tulipokuwa wadogo: imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na akioga kwa pishi moja mpaka vibaba vitano. Kibaba hakifiki lita moja. Bwawa moja la kuelea mimi na wageni wangu lilikuwa na wudhu zaidi ya laki moja, na maji yenyewe ni ya Jumanne ya yule bibi.

Lililoniuma zaidi ni hili. Mama yangu ni wa kaskazini Unguja. Mimi nimekulia ndoo kichwani. Kulikuwa na hoteli karibu na kijiji chetu, majani yake ya kijani mwaka mzima, na sisi kisima chetu kikitoa maji ya chumvi. Mwaka 2012 shirika la Tourism Concern la Uingereza lilitoa ripoti juu ya maji na utalii Zanzibar: kaya ya kawaida ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano zaidi ya lita 3,000. Nilipoisoma nikiwa chuoni nilisema, "Waandishi hawa wananieleza mimi." Sasa nimepewa kalamu mimi, na nimechora hoteli ile ile. Tofauti ni kwamba mimi nimeiita nyumba ya uponyaji na nimeizungushia ukuta wa sitara.

Watu wa Meru hawakuanza leo kuhangaikia ardhi na maji yao. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki, upande wa pili wa mlima, ili ardhi wapewe wafugaji wa Kizungu. Mwaka 1952 wakamtuma mwenzao, Kirilo Japhet, mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea. Ikiwa babu zao walivuka bahari kwa ajili ya ardhi ile, mimi ni nani nije na kamba yangu ya kupimia?

Mchoro wa pili

Nikaanza upya, na safari hii nilianza na maji kabla ya chumba chochote.

Kwanza nikasoma sheria vizuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Vyumba vyangu vinne vilikuwa ndani ya mita hizo. Vikafutwa. Kuchukua maji ya mto kunataka kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Na hapo nikajifunza kitu: maji ya Meru huingia mto Kikuletwa, yakafika bwawa la Nyumba ya Mungu, yakateremka na mto Pangani mpaka baharini, bahari hii hii inayotuzunguka sisi. Uchafu nitakaoumwaga Tengeru unayo njia ya kuja kwetu.

Halafu nikarudi nyumbani kujifunza, maana mfano tunao mlangoni. Kisiwa cha Chumbe hakina chemchemi wala kisima. Nyumba zake saba za wageni huvuna maji ya mvua kwenye mapaa na kuyaweka kwenye matangi chini ya sakafu. Umeme ni wa jua. Vyoo ni vya mboji, havivuti maji. Maji ya kuogea hupitishwa kwenye vitalu vya mimea kabla hayajagusa mwamba wa matumbawe. Kisiwa chote kina mnara wa taa wa mwaka 1904 na msikiti mdogo wa zamani, na msitu umeachwa ujiotee. Nilikwenda, nikakaa kwenye kibaraza, nikaona aibu kwa lile bwawa langu.

Meru nako mvua ipo. Hesabu yake ni nyepesi, shikeni muwaambie waume zenu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, ikinyesha milimita 10, ni lita 1,000, punguza kidogo zinazopotea. Masika ya Machi mpaka Mei hujaza matangi yetu yote.

Na mvua kule ina faida nyengine. Maji mengi ya ardhini kuzunguka Meru yana floraidi nyingi kwa sababu ya mawe ya volkano. Mtoto akiyanywa tangu mdogo meno huwa ya kahawia, na ikizidi sana hata mifupa hupinda. Kipimo cha usalama cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na viko visima vya huko vinavyopita hapo mara nyingi. Kuyachemsha hakusaidii, kunayazidisha makali. Pale Ngurdoto serikali ina kituo kinachoshughulika na kuiondoa kwa mkaa wa mifupa. Lakini maji ya mvua huwa nayo kidogo mno. Basi nikaongeza tangi moja, nikatoa bomba nje ya ua, upande wa jirani, watoto wachote ya kunywa. Wajukuu wa yule bibi ndio wa kwanza kufika na madumu.

Choo kilinisumbua. Choo cha mboji kinataka ukavu, na sisi hatuendi bila ya kustanji. Nikachora bakuli lenye njia mbili, maji ya kustanji yanakwenda peke yake mpaka kwenye kitalu cha mawe na matete, hayaguzi mboji. Tulikosea mara ya kwanza, harufu ikatoka wiki nzima, tukafukua tukarekebisha. Nakwambieni ili msidhani kila kitu ni maua.

Mikaratusi nikaifuta kwa sababu inakunywa maji mengi. Pazia letu ni migomba iliyokuwepo, mibuni, na mringaringa mmoja mkubwa wa tangu enzi za babu mkwe. Kuta ni za mawe meusi ya hapo hapo, yaliyochongwa na mafundi wa kijijini. Na badala ya ukuta mmoja mrefu kama wa jela, nikachora kama nyumba zetu za Mji Mkongwe: ua wa ndani, vyumba vinautazama ua, na mlango hauingii moja kwa moja, unakunja kona, mtu akibisha haoni ndani. Ndani ya ua umevua mtandio, umepigwa singo yako, unaona mbingu na vichwa vya miti, na hapana anayekuona.

La mwisho ni kibla. Kutoka Arusha, kama kutoka Unguja, kibla kiko karibu kaskazini moja kwa moja. Kwa sisi tulioko mteremko wa kusini, ukisimama kuswali, Meru yenye mita zaidi ya 4,500 iko mbele yako, kidogo mkono wa kushoto. Vyoo nimevigeuza ubavu, na kila chumba kina nafasi ya mswala mbele ya dirisha. Alfajiri ukitoa salamu, mlima ndio unaanza kuonekana.

Yaliyobaki

Mshirika alipoona mchoro wa pili aliuliza bwawa liko wapi. Nikamweleza. Akasema vyumba vitatu bila bwawa si biashara, hilo ni shamba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hesabu zake. Akajitoa, na robo tatu ikaondoka naye.

Sikufichini, nililia tena, safari hii kwa mahari yangu. Dhahabu niliyovalishwa siku ya harusi imekuwa matangi, mabati na mawe. Vyumba viwili vimekwisha, cha tatu kina msingi na kimeota majani. Mume wangu hakunambia neno zaidi ya, "Mali ni yako, na mchoro ni wako." Mavyaa ndiye mpishi, wifi ndiye mkandaji.

Waliokuja mpaka sasa ni wachache. Mmoja alikuwa bi harusi wa Unguja, alikaa siku tano kabla ya harusi yake, kazi yake kulala na kunywa maziwa. Mwengine alikuja na maumivu kama yangu. Huyo sikumuuliza kitu. Wifi alimchukua Duluti asubuhi, wakarudi saa nne, macho yake yamevimba, akaomba chai na akala.

Hatumwahidi mtu dawa. Mwaka 2011, mkoa huu huu, maelfu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu kwa shilingi 500, foleni za magari kilomita kwa kilomita, na wako walioacha dawa zao za hospitali. Mgonjwa kutaka kupona si kosa. Kosa ni la anayeuza ahadi. Kwetu mgeni akija na dawa zake tunamkumbusha saa zake, na huzuni isiyokwisha tunamwambia akamwone daktari. Msitu unakupa nafasi ya kupumua, na hospitali inabaki hospitali.

Basi, bi harusi wangu, ukitafuta pa fungate au pa kupumzika, Meru, Unguja au kokote, usiishie kwenye picha. Uliza maji yao yanatoka wapi, na ni zamu ya nani. Uliza yakishatumika yanakwenda wapi. Uliza miti ilikuwepo kabla ya nyumba au ilikatwa ipandwe mingine ya kupigia picha. Uliza sitara yako watailindaje, na nani atakukanda. Wakikasirika kwa maswali hayo, jibu umelipata. Raha inayomkausha jirani haina baraka, hata ikiwa na asumini kila kona.

Jumanne iliyopita nilikuwa huko. Usiku, kama saa tano, nilisikia mlango wa mfereji unafunguliwa na maji yakaanza kushuka nyuma ya ua wetu, kuelekea mahindi ya yule bibi. Nilibaki kitandani nikiyasikiliza mpaka usingizi ukanichukua.

Mwenyezi Mungu awape faraja waliopoteza, awape mabibi harusi wetu nyumba zenye utulivu, na atujaalie tusiwe sababu ya kiu ya mtu. Aamin.